Mjumbe Asinywe Chai

Kwetu, mtu aliyetumwa kuchunguza boma hanywi chai ya boma hilo. Akipewa kiti, atakaa. Akiletewa maji, atanawa mikono. Lakini chai ikifika ataishukuru na kuiacha mezani ipoe mpaka ifanye utando, kwa sababu akiinywa amekubali, na akikubali yeye, sisi tuliomtuma tumekubali pia. Shangazi yangu alikaa kwa wakwe zangu kutwa nzima midomo imemkauka, akiangalia choo chao, ng'ombe wao, na vile mama mkwe alivyokuwa akimjibu baba mkwe. Jua lilipoanza kushuka akasema, "Haya, leteni hicho kikombe." Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Sasa nimezeeka. Niko Doha, Al Mansoura, ghorofa ya tatu, na shangazi alishaoza kaburini. Mwaka huu imenibidi nichunguze mji mzima wa Uingereza nikiwa nimeketi kwenye kochi, miguu imevimba, eisi ya ukutani inanipuliza baridi shingoni.

Binti yangu ni nesi hapa. Mtoto wake, mjukuu wangu, ana miaka tisa. Nimemlea tangu akiwa na wiki sita, kwanza nyumbani Kenya, kisha hapa binti alipopata karatasi za kunileta. Baba yake alishika njia zake, hatumzungumzi. Ni mimi ninayemwamsha kabla ya basi la shule, ninayemsuka, ninayejua ni jino gani linalotikisika. Siringi. Hapana, naringa, kwa nini nidanganye? Yule mtoto ni mkono wangu. Ana adabu, anasoma kama redio, na akila anashukuru.

Halafu binti akapata kazi katika hospitali ya mji fulani kule Uingereza, mji ambao zamani ulikuwa wa viwanda vya pamba. Wanamruhusu aende na mtoto wake. Nyanya hayumo. Nilimuuliza mara tatu kama kweli hayumo.

"Mama, fomu haina pahali pa nyanya."

"Kwani huyo aliyeitengeneza alilelewa na paka?"

Hakucheka. Alikuwa ametoka kazini, bado amevaa viatu vyake vyeupe, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameinua wagonjwa siku nzima. Akaniambia yeye lazima aende, mkataba ameshaweka sahihi. Lakini mtoto anaweza kwenda naye, au anaweza kurudi nyumbani na mimi. Huko Uingereza atakuwa peke yake, na shifti ni ndefu. Hajui ni nani atamwangalia mtoto.

"Wewe ndiye umemlea," akasema. "Sema wewe. Lakini useme kabla ya mwezi kuisha, karatasi za mtoto zinatakiwa."

Wengine wangefurahi kupewa neno la mwisho. Mimi nilihisi kama mtu aliyewekewa gunia begani wakati alikuwa anatafuta pahali pa kuketi. Nimelea watoto watano, huyu ni wa sita. Uchovu wangu si wa kulala ukaisha. Uko kwenye mifupa kama baridi ya kiwandani. Magoti yangu yalikuwa yakisema, mwache aende, pumzika. Na mdomo wangu, kila nilipoufungua kusema hivyo, ulikuwa ukifungika wenyewe. Usiku mtoto huyu hulala ameshika kona ya leso yangu.

Basi nikasema nitachunguza. Mtoto hapelekwi mahali pasipojulikana, awe anaolewa au haolewi.

Na mji wa viwanda mimi naujua. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma. Mji wetu wote ulikuwa wa kiwanda. King'ora kikilia, hata jogoo walinyamaza. Zahanati ilikuwa ya kiwanda, shule ya chekechea ya kiwanda, ukumbi wa kuchezea ngoma wa kiwanda, timu ya mpira ya kiwanda, jezi tulizifuma sisi. Siku kiwanda kilipofungwa tulidhani tumepoteza kazi peke yake. Kumbe ilikuwa vyote. Zahanati ilifungwa kufuli. Ukumbi uling'olewa mabati. Chekechea ikawa pahali pa mbuzi. Hatukuwa na kitu chetu hata kimoja, vyote vilikuwa vya yule mwenye ufunguo, naye alipanda gari akaenda. Mji ukifiwa na kiwanda ndipo utajua ulikuwa mji au ulikuwa kambi.

Kwa hiyo swali langu kwa ule mji wa Uingereza lilikuwa moja: nyinyi mlipofiwa, mlibaki na nini?

Mjumbe nilikuwa naye. Mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye kanisani hapa kila Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko huku, nesi vilevile, alihamia mji huohuo miaka miwili iliyopita. Nikampigia. Nikamwambia kila Jumamosi atembee na simu mkononi anionyeshe mji, sehemu kwa sehemu, na mjukuu wangu atakaa kando yangu anitafsirie watu wakisema. Nikamwambia asiulize wenye nyumba, aulize majirani, maana mwenye nyumba husifu hata paa linalovuja. Yote hayo nilimwambia. Jambo la chai sikulitaja. Nilidhani mwanamke mzima analijua. Nilisahau kwamba yeye alizaliwa mjini, kwenye nyumba za kupanga, na aliolewa ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Jumamosi ya kwanza nilivaa kitambaa changu cha kanisani. Mtoto akaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Kwanza nikaona bomba la moshi, refu, la matofali mekundu, halitoi hata moshi wa sigara. "Hiki ndicho kilikuwa kiwanda, Mama," mjumbe akasema. "Siku hizi watu wanaishi ndani." Nyumba zimebanana mstari mmoja kama meno, milango inafungukia barabarani. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kizembe, isiyoacha wala kukolea. Sokoni, nusu ya vibanda vimefungwa. Nilianza kuyatambua magonjwa. Nilijisemea, hawa ni wenzetu.

Akaingia kanisa moja dogo ambamo akina mama walikuwa wakipakua supu kwa yeyote anayekuja. Nikaanza kupendezwa kidogo, mwanamke anayepakua bila kuuliza wewe ni nani ana malezi. Mmoja wao akamletea mjumbe wangu kikombe cha chai na biskuti. Na yeye, mbele ya macho yangu, akakipeleka mdomoni.

"Weka chini! Weka hicho kikombe chini!"

Akashtuka, chai ikamwagika kwenye koti. "Mama, ni nini? Ina kitu?"

"Umeshamwoza mtoto wangu kwa biskuti!"

Mjukuu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Binti akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, kule ni baridi. Si umwache anywe?"

"Shangazi yangu alikaa kutwa."

"Shangazi yako hakuwa Uingereza."

Yule mjumbe maskini akawa anafuta koti lake na kuniomba radhi, ati vidole vilikuwa vimeganda. Wale akina mama nyuma yake wakawa wanaangalia simu wakifikiri kuna msiba. Nikamweleza desturi. Nikamwambia, "Hiyo ya leo hatuihesabu. Umeenda kama mgeni, hukwenda kama mjumbe. Wiki ijayo urudi umefunga mdomo."

Habari ilifika chini kabla yangu, nadhani kupitia kwa mtoto. Mlinzi wa jengo letu ni kijana wa Uganda, ananiita Jjajja kama bibi yake. Nilipopita na takataka akasema, "Jjajja, nasikia unamwoza mtoto Uingereza. Mahari ni ng'ombe au ni visa?"

"Simwozi. Naangalia kama ule mji una adabu."

"Ukishamaliza huo, uniangalizie na mimi mji wangu."

Jumamosi ya pili binti alikuwa nyumbani, ameketi nyuma yangu amekunja mikono. Mjumbe akanionyesha shule, ukuta mrefu na ua wa lami. Akanionyesha bwawa la kuogelea lililo ndani ya nyumba, maji ya moto, ati lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa hawana bafu. Halafu akanipeleka maktaba. Nilisikia kitu hapo, siwezi kukuficha. Jengo kubwa la mawe, limeingia weusi wa moshi wa zamani. Mhudumu wake alieleza, na mjukuu akanitafsiria: kwamba watu wa viwandani walichangia kidogokidogo kutoka mishahara yao mpaka likasimama. Si mwenye kiwanda aliyewajengea. Wao. Ndiyo maana kiwanda kilipokufa, halikufa nacho. Kuna watu waliotaka kulifunga juzi juzi, na wenyeji walisimama mlangoni kwa zamu na mabango mpaka likaachwa, ingawa saa zimepunguzwa.

Nikafikiria ule ukumbi wetu usio na mabati. Hakuna aliyesimama mlangoni pake. Hata mimi sikusimama. Nilikuwa naona ni wa kiwanda, si wetu.

"Muulize," nikamwambia mjumbe, "mtoto akitoka shule na mama yake yuko kazini, anakaa wapi?"

Anakaa hapa, akajibiwa. Kuna meza ya watoto, kuna vitabu, kuna joto. Mpaka saa kumi na moja jioni.

"Na mama yake anatoka kazini saa ngapi?"

Nilikuwa najua jibu. Binti akajibu nyuma yangu, polepole, "Saa mbili, Mama. Siku zingine."

"Kwa hiyo saa kumi na moja mpaka saa mbili mtoto ni wa nani?"

Mjumbe akasema yeye anaweza kumchukua siku mbili za wiki. Nikauliza zile nyingine. Akageuza simu akanionyesha rafu za vitabu.

"Unatafuta kasoro," binti akasema. "Unataka ikatae."

"Uchunguzi ni kutafuta kasoro. Uzuri unajitokeza wenyewe."

"Wewe ulituacha na nani ulipokuwa kiwandani?"

Hilo lilinipata. Niliwaacha na jirani, na jirani alikuwa na watoto wake saba, na siku moja huyuhuyu binti aliungua mkono kwa uji. Kovu liko mpaka leo, analifunika na saa yake ya mkononi. Nilikwenda kuosha mchele, nikauosha mpaka maji yakawa safi kama machozi ya mzee, na mimi naosha tu.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Mtoto hakuniuliza kitu, na kwa vile ni mtoto wa kuuliza kila kitu, nilijua anajua. Siku moja tu, nikimsuka, alisema, "Nyanya, kule atanisuka nani?" Nikamwambia akae sawa, kichwa kisitikisike.

Ikafika Jumamosi ya tatu, na mwezi ulikuwa umebaki na siku chache. Mjumbe alirudi maktaba, kwa sababu nilimwambia hatujamuuliza jirani bado. Mhudumu analipwa aipende maktaba. Nataka mtu anayekaa pale bure.

Karibu na dirisha kulikuwa na bibi mmoja, nywele nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, anapanga vipande vya picha mezani, zile picha za kuunganisha. Mjumbe akamsalimu, akamweleza. Bibi akavaa miwani akanitazama kwenye simu, nami nikamtazama. Akamwambia mjukuu kitu, mjukuu akaniambia, "Nyanya, anasema alifanya kazi kwenye kile kiwanda chenye bomba la moshi. Tangu ana miaka kumi na tano."

"Mwambie mimi nilikuwa upande wa kufuma."

Hapo hapo sauti ikakatika. Simu za hapa Doha ni hivyo, zina siku zao. Picha ikabaki. Mtoto akagongagonga, akazima spika akawasha, wapi. Kule bibi alikuwa anaendelea kuongea, kisha akaona kwenye nyuso zetu kwamba hatusikii. Akaweka chini kipande alichokuwa ameshika. Halafu akafungua mdomo wazi, akaanza kutengeneza kila neno kwa midomo, polepole, kwa meno na ulimi, huku mikono ikimfuata.

Nilikuwa sijaona hivyo tangu king'ora cha mwisho.

Aliyefanya kazi penye mashine za kufuma anajua. Kelele ni kama mvua ya mawe juu ya bati, kutwa, huwezi kumsikia hata anayekupigia kelele sikioni. Miaka kumi na moja tuliongea kwa midomo na mikono. Tulisengenyana kwa mikono. Mwenzangu wa mashine ya pili alinieleza mimba yake yote hivyo, toka kichefuchefu mpaka uchungu. Na huyu mzungu, pande ile ya dunia, kumbe walikuwa hivyohivyo.

Nikamwonyesha: vidole viwili, navitenganisha. Uzi umekatika. Akapiga meza, akarudia ileile. Nikashika kola na kunyoosha mgongo: nyapara anakuja. Hiyo hakuijua. Yake ilikuwa vidole viwili begani, akakunja uso kama mtu aliyekunywa siki, nikaelewa. Lakini ya kuomba kwenda msalani ilikuwa moja, na hapo tulicheka wote wawili bila sauti, mjukuu akitutazama kama wendawazimu.

Nikamuuliza watoto. Unapakata hewa, kisha unaonyesha kimo. Akaonyesha wawili, warefu. Kisha kiganja chake kikapaa kama ndege, juu, juu, kikaenda mbali nje ya picha. Wajukuu? Akanyoosha vidole vitatu, na kiganja kikapaa tena. Alikirudisha mezani taratibu, kikatulia juu ya vile vipande. Akaonyesha saa ya ukutani, kutoka saa ya kufungua mpaka ya kufunga. Akaonyesha kiti chake. Kila siku. Sikuhitaji mkalimani.

Nilijiona pale. Sisemi kwa kujihurumia, nasema nilichoona. Niliona nyumba yangu kule nyumbani, mlango wazi, kuku, na mimi kwenye kiti. Na kando yangu nikamweka mjukuu wangu, nikamtazama vizuri, na nikajiuliza nimemweka pale kwa ajili yake au kwa ajili ya kiti. Shule ya kwetu ina mwalimu mmoja kwa madarasa matatu. Zahanati bado ina kufuli. Ningekuwa namrudisha kwenye kambi iliyovunjwa ili nipate mtu wa kushika kona ya leso yangu.

Yule bibi sasa alikuwa anamwangalia mtoto. Akavuta kiti cha pembeni yake, kikatoka chini ya meza. Akakipiga kidogo kwa kiganja, mara mbili.

Halikuwa jibu la zile siku tatu za wiki zilizobaki bila mtu. Siku tatu bado zina shimo lake, na binti atalijaza anavyojua, kama mimi nilivyolijaza kwa jirani wa watoto saba. Lakini mtoto akiingia pale, kuna kichwa kitainuka.

Kisha bibi akatoa chupa ya chai kwenye mfuko wake, akamimina kwenye kifuniko, akampa mjumbe wangu. Na mjumbe, Mungu ambariki, akakumbuka. Akafunga midomo kama mlango wa benki, akatikisa kichwa. Bibi akashangaa, akamsukumia tena. Mjumbe akakataa tena, akageuka akanitazama. Mvuke ulikuwa ukipanda kati yao. Binti alikuwa ameacha kukunja mikono.

Sauti ilikuwa bado haijarudi, kwa hiyo ilinibidi niseme kwa mkono. Niliinua kikombe kisichokuwepo, nikakipeleka mdomoni, nikakiinamisha.

Mjumbe akanywa.

"Nyanya," mtoto akasema, "amekunywa."

"Nimeona."

"Kwa hivyo ninaenda."

"Unaenda. Na usimwachie yule bibi apange picha peke yake, macho yake si mazuri."

Akanishika shingo kwa nguvu, kisha akaachia, kisha akaanza kulia, kisha akauliza kama kule kuna theluji. Binti aliingia jikoni, nikasikia maji yanafunguliwa na hayafungwi. Alipotoka, macho mekundu, alikuwa amebeba chai yetu, ya maziwa na tangawizi kama ninavyopenda, vikombe vitatu. Akakaa karibu yangu, bega kwa bega, hatujakaa hivyo tangu akiwa msichana. Saa alikuwa ameivua ili aoshe vyombo, na kovu lilikuwa wazi.

Wao walikunywa. Walikuwa wanaongea kuhusu makoti, na viatu vya mvua, na vile mama mtu atafundishwa kusuka kabla ya safari, kwa kuwa mkono wake ni mzito. Nilikuwa nasikia kama mtu aliyesimama kando ya mashine. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa mwisho wa shifti, unapokaa chini na mwili bado unatikisika.

"Nyanya," mtoto akasema baadaye, "chai yako imefanya utando."

"Nitainywa," nikamwambia. "Iache hapo."